Chuma cha Vitumbua

Wanaokuja kunipa mkono wa pole huniambia nishukuru. Nimekaa na mume wangu Mussa miaka mingi, kafa kitandani pake, hakuteseka, watoto wote walikuwepo. Nashukuru. Lakini ukiambiwa ushukuru na watu kumi kwa siku moja, tena wengine huku wanakagua kama mapazia ni mapya, unaanza kutamani aje mtu mmoja akae kimya. Mtu huyo alikuja Jumapili iliyopita. Bi Salama sasa ana miaka sabini na kitu na magoti yake yamegoma zamani, lakini alizipanda ngazi za nyumba yetu hii ya Mji Mkongwe, ngazi ambazo hata wauza maji wanazilaani, huku mjukuu wake akimfuata nyuma na kitu kizito kilichofungwa guniani. Kijana akakiweka nyuma ya mlango, kikagonga sakafu kwa mlio niliousikia mpaka kwenye meno. Bi Salama akaketi kwenye mkeka ubavuni mwangu, akanyoosha miguu, akanishika mkono, na kwa muda wa kikombe kizima cha chai hakusema lolote. Alipoinuliwa kuondoka ndipo akaniambia, "Hilo gunia lifungue nkishaondoka. Na usimpe mtu kulichezea."

Sikulifungua siku ile, wala ya pili yake. Nililitazama tu kutoka hapa nilipo, maana mimi sasa ni kizuka. Ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyefiwa na mume anapokaa eda ndani ya nyumba yake, miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Si mara yangu ya kwanza kuishi maisha haya. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na kizuka hakuwa mimi. Alikuwa Bi Salama, na kila nilichokuja kukijua baadaye kuhusu kazi, kuhusu subira na kuhusu mume niliyemzika juzi, nilikianza mwaka ule ndani ya chumba chake cha mbele, mikono yangu ikinuka mafuta ya taa.

Mwaka ule nilikuwa nimeachika, na mwanamke aliyeachika hakosi wa kumtuma. Fundi Juma, mumewe Bi Salama, alikuwa ameanguka gerejini kwake asubuhi, spana mkononi, na hakuinuka tena. Kizuka haachwi peke yake. Anahitaji mtu wa kumpikia, wa kumfungulia mlango, wa kulala naye chumba kimoja. Mama yangu akasema, "Asya yupo tu." Nikafunga nguo zangu kwenye kanga nikaenda Ng'ambo, nimekasirika, maana neno lile "yupo tu" lilikuwa limenichoma. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na ukumbi, na ua nyuma wenye kisima. Chumba cha eda kilikuwa cha mbele. Godoro lilishushwa chini, kioo cha kabati kikafunikwa, na dirishani, nyuma ya nondo, likatundikwa pazia jeupe. Dirisha hilo lilitazamana na gereji ya marehemu, banda la mabati upande wa pili wa kichochoro, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule unamuombea dua ukiwa huku. Siku za mwanzo tulisikia ufagio tu. Huyo alikuwa Mussa, msaidizi wa Fundi Juma, kijana mrefu mwenye haya, aliyekuja kila asubuhi akafungua, akafagia pasipo na taka, akafunga akaenda zake.

Mbele ya banda ilisimama pikapu ya Mzee Makame wa Kizimkazi, boneti wazi, ndani tupu. Mzee Makame alikuwa akiwabebea wanawake wa kijijini kwake mwani wao mpaka ghala la mjini, na injini ya pikapu ilipokufa, Fundi Juma alimuahidi kumtilia nyingine. Ya zamani alikwisha kuitoa. Mpya, na kwetu mpya maana yake ni mtumba ulioshushwa bandarini pamoja na shehena ya vyuma, ilikuwa injini ya dizeli iliyolala mvuani hata maji yakaingia ndani. Marehemu alikuwa ameifungua nusu tu alipofariki. Basi gari halina injini, injini haina fundi, na mwani wa watu umerundikana kwao Kizimkazi. Mzee Makame alipokuja kuhani hakulitaja gari hata kidogo. Alitoa mkono wa pole, akanywa kahawa, akapita pembeni ya pikapu yake kama si yake, na Bi Salama aliyekuwa akimchungulia nyuma ya pazia akasema, "Angetutukana ningelala."

Shemeji yake, Bwana Khamis, kaka wa marehemu, alikuja baada ya siku za matanga kumalizika. Alikaa ukumbini, Bi Salama chumbani, pazia la mlango katikati, nami nikiwa nachambua mchele nilisikia kila neno. Bwana Khamis hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili kwa sababu katika hadithi za wajane shemeji hapewi nafasi ya kuwa mtu. Alikuwa na watoto wengi, alikuwa amechoka, na aliogopa kumuona mke wa ndugu yake akikaa juu ya kazi ya wanaume akichekwa. "Shemegi," alisema, "hii injini tuiuze chuma chakavu. Gari tulivute kwa kamba, tumrejeshee mwenyewe, tumtake radhi. Banda nshapata mtu, anataka kuweka majokofu ya samaki."

"Juma kampa mtu neno, shemegi."

"Juma hatunaye."

"Najua. Miye ndo nilommwagia maji ya mwisho miguuni. Lakini neno lake lipo hapo nje, boneti wazi, watoto wanaingia kuchezea. Siwezi kukaa eda ya mtu na neno lake nalitazama dirishani."

"Nani atamaliza? Mussa peke yake hawezi."

"Mussa atafunga. Miye ntaosha na kusaga, kama nlivokuwa nikifanya. Vyuma vitakuja ndani. Miye sitoki."

Nikaacha kuchambua. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mtaa mzima ulilijua nusu: kwa miaka yote ile injini zilizosifiwa kuwa zimetoka mikononi mwa Fundi Juma zilikuwa zimepita kwanza uani, mikononi mwa mkewe. Bwana Khamis mwenyewe alilijua vizuri, ndiyo maana hakucheka. Mwisho akasema, "Haya. Mpaka eda yako imalizike. Ikiwaka, banda lako na funguo zako. Isipowaka, unanipa mkono kwa moyo safi." Bi Salama akajibu kwamba moyo wake ni safi tangu zamani, kilichobaki ni vyuma. Nilimsikia Bwana Khamis akijizuia kucheka.

Wapo waliosema amepotoka. Nilikuwa natoka kuteka maji nikiwasikia ukutani kwa jirani: mwenziwe akifiwa anasoma Qur'ani, huyu anaosha vyuma, na yule mtoto aliyeachika kapelekwa amtunze, naye kaja kujifunza ufundi gari, sasa nani atamuoa. Bi Salama alikuwa anasoma Qur'ani yake kila baada ya alfajiri, sauti ndogo, bila kumwambia mtu. Lakini hakutaka kufanya jambo kwa ujinga, akamtuma Mussa kwa sheikh wa msikiti wa mtaani kuuliza. Jibu lililetwa dirishani: kazi ya halali ndani ya nyumba haina ubaya, muhimu asijipambe wala asijitie manukato. Mussa akasita, kisha akamalizia, "Kasema mafuta ya taa si manukato." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Bi Salama akicheka tangu nihamie kwake, na mara ya kwanza mimi kuitambua sauti ya Mussa kama sauti ya mtu na si ya jirani mwenye ufagio.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Baada ya chai na mkate wa kumimina, au mihogo ya nazi tukiwa nayo, Mussa aliweka beseni la vyuma mlango wa uani, akabisha hodi, akaondoka kabla sijafungua. Vidogo alivipitisha kati ya nondo za dirisha, chini ya pazia. Bi Salama alitandika magunia sakafuni, akakaa na nguo zake nyeupe za eda akijifunga juu yake kanga kuukuu, na akanifundisha kama anavyofundishwa mwari, jambo moja kwa siku, na la jana halirudiwi. Kwanza vyuma vinalala ndani ya mafuta ya taa mpaka uchafu ulegee. Kisha vinasuguliwa kwa makumbi ya nazi. Penye kutu tunapaka ndimu na chumvi, tunaacha, tunasugua, tunafuta tukapaka oili papo hapo, maana hewa yetu ya bahari haimpi mtu nafasi ya kwenda kuswali kwanza. Chuma kigumu kinachemshwa kwa magadi, lakini pistoni na chochote cha alumini hakionjeshwi magadi, kinageuka cheusi na kuharibika. Na masizi yaliyogandia juu ya pistoni hayabanduliwi kwa kisu. Nilikuwa nimeshakishika kisu aliponiwahi. "Kisu kinakata kila kitu, hakijui masizi wala pistoni," alisema. Akavunja kifuu cha nazi tuliyoikuna mchana ule, akanionyesha jinsi ukingo wake unavyokwangua masizi na kuiacha pistoni haina hata mkwaruzo. Siku ile nilikwangua pistoni nne. Ya mwisho ilipotoa rangi yake ya fedha nilishindwa kuiweka chini, nikawa naigeuzageuza mkononi, naye akaniacha.

Kazi kubwa ilikuwa ya valvu. Injini ile ilikuwa na nane: nne za kuingizia hewa, nne ndogo kidogo za kutolea moshi. Valvu ni kama uyoga wa chuma, kichwa bapa na kijiti kirefu, na kila moja inakaa kwenye kiti chake katika kichwa cha injini. Ikikaa sawasawa, hewa haipiti. Ikikaa kombo, injini inahema tu, haiwaki. Kwa hiyo kila valvu inasagwa juu ya kiti chake yenyewe, kwa uji mzito wenye mchanga laini, unazungusha kijiti kati ya viganja viwili kama unavyopekecha kunde, mpaka valvu na kiti vijuane. Vikishajuana, usivichanganye. Fundi Juma alikuwa akizichomeka kwenye vipande vya boksi, boksi linalowa mafuta, linachanika. Bi Salama alikuwa na njia yake. Alikuwa na vyuma viwili vya kupikia vitumbua, vile vyenye mashimo ya duara. Kimoja alikifanya cha valvu za hewa, kimoja cha valvu za moshi. Shimo la kwanza ni lile lililo karibu na mkono wa chuma, hiyo ni silinda ya mbele. Kisha unazunguka, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila valvu ilikaa shimoni mwake, kichwa chini, kijiti juu. Tangu tuanze kazi ile hatukupika vitumbua, na sikuona kuwa hilo lilikuwa jambo la kumwambia mtu.

Dirishani tulijuana kwa mikono kwanza, mimi na Mussa. Nilichokiona ni vidole vyake chini ya pazia, kovu la kuungua juu ya kidole gumba, na namna alivyokitoa kila kitu taratibu kama anampa mtu mtoto. Alichokiona yeye ni kucha zangu, ambazo zilikuwa na hina ya ndoa iliyovunjika ikimalizikia nchani, na masizi yakishika nafasi yake. Mara moja aliuliza, "Hii pistoni kaosha nani?" Bi Salama akanitazama, akajibu, "Kaosha aliyeiosha." Pistoni ikarudi chini ya pazia na andazi moja limefungwa kwenye karatasi. Bi Salama akasema andazi ni la aliyeosha, yeye hana hamu. Mume wangu wa kwanza alinipa dhahabu na sikumbuki hata umbo lake. Andazi lile nalikumbuka lilikuwa na iliki nyingi mno.

Tulikuwa tumesaga valvu zote nane, na Mussa anangojea, ilipofika hitma ya arobaini ya marehemu. Wanawake wa mtaa walikuja tangu asubuhi na mapema kupika, wameongozwa na jirani Bi Mwanahawa, mwenye sauti ya kuita meli, aliyempenda Bi Salama kwelikweli na aliyekuwa amepeleka mbele kuliko wote yale maneno ya ukutani. Mimi nilitumwa dukani sukari na iliki. Bi Salama alikuwa chumbani na wasomaji. Bi Mwanahawa akasema arobaini ya Juma haiwezi kupita bila vitumbua, Juma alivipenda, akaingia stoo kutafuta vyuma. Akavipata viwili, chini ya rafu, vimejaa vitu. Niliporudi, uji wa mchele ulikuwa unachuruzika mashimoni na mafuta yanaimba. Valvu zetu nane zilikuwa zimemiminwa kwenye ndoo ya sabuni, zikaoshwa kwa makumbi, zikafutwa kwa taulo safi, zikarundikwa kwenye ungo mmoja, zinang'aa. Nilisimama na sukari mkononi. Nilitaka kupiga kelele na sikuijua ya kupiga.

Bi Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyeubeba ungo mpaka chumbani, kwa furaha. "Salama, tumekuoshea na vile virungu vyako. Vilikuwa na tope la ajabu." Bi Salama aliutazama ungo. Nilikuwa mlangoni nikamuona akiushika upindo wa kanga, akaukunja mara moja, akaukunjua. Nilimuona akihesabu eda iliyobaki, nilimuona akilitazama dirisha. Kisha akainua uso. "Ahsanteni," akasema. "Mungu akulipeni kheri. Njooni mkae, mmechoka." Akapewa kitumbua cha kwanza, akakila chote, akasema kimeumuka vizuri na Juma angefurahi. Mmoja wa wageni akanusa chake akasema, "Stovu lako linavuja, Salama. Vina harufu ya mafuta ya taa." Akajibu, "Ntalitengeneza."

Watu walipoondoka nililia kwa hasira, nikasema maneno mabaya kuhusu Bi Mwanahawa, mengine ya kweli. Aliningoja nimalize. "Wamekuja kunifariji," akasema. "Mtu kakuosheeni kwa mapenzi, utamwambia nini? Umwambie kitumbua chake kimekuvunjia nyumba?" Nimeishi na watu wema wengi na nimesoma vitabu viwili vitatu juu ya wema, na mpaka leo nikitaka kujua wema ni nini narudi pale, kwa mwanamke yule akitafuna kitumbua chenye harufu ya mafuta ya taa na kukisifia. Usiku huo alilala mapema. Asubuhi alitandika magunia.

Nilimwambia Mussa, yeye akiwa upande wa pili wa pazia. "Bi Salama kasemaje?" akaniuliza mimi, mara ya kwanza kuniuliza mimi moja kwa moja. "Kala kitumbua," nikamjibu. Akarudi bandani, na nilidhani kakata tamaa, mpaka niliposikia anakiburura kichwa cha injini kukileta mlango wa uani. Tukaanza upya. Kubwa na ndogo tuliweza kuzitenganisha kwa macho, lakini ndani ya kila kundi ilikuwa kujaribu moja moja, kila valvu katika kila tundu, Bi Salama akiitikisa kwa ncha ya kidole kusikiliza ipi inacheza na ipi imetulia. Zilipopata kwao, au pa karibu na kwao, tukazisaga tena mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tukipekecha, alinisimulia marehemu: kwamba alikoroma, kwamba hakujua kununua samaki, kwamba hakuwahi hata mara moja kusema "injini yangu", alisema "yetu" hata mbele ya wateja. Kupima kulikuwa kwa mafuta ya taa. Unageuza kichwa cha injini, unajaza mafuta juu ya valvu adhuhuri, unaweka pamba chini yake, na alasiri unaitazama pamba. Saba zilikauka. Ya nane, ya moshi, silinda ya tatu, ilitoa pamba mbichi siku baada ya siku, na Bi Salama siku baada ya siku aliifungua akaanza tena, hakuongeza nguvu wala haraka. Nilimuuliza kama haichoshi. Akasema, "Inachosha." Siku ilipotoka pamba kavu aliishika shavuni kwanza, ndipo akanipa nami niishike.

Siku ya kuwasha, Mussa na wenzake waliisukuma pikapu mpaka chini ya dirisha letu ili kizuka asikie. Mzee Makame alikuja kutoka Kizimkazi, Bwana Khamis alikuja na funguo mfukoni, na mtaa mzima ukajikuta una shughuli kichochoroni. Bi Salama alikaa kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachambua. Mara ya kwanza injini ikahema, ikanyamaza. Mara ya pili vilevile. Nikasikia mtu anasema pole, na Mussa anamjibu kuwa ni hewa kwenye mabomba ya mafuta, subirini. Bi Salama hakuinua kichwa, ila nilitazama vidole vyake na vilikuwa havichambui tena, vilikuwa vinasogeza mchele ule ule huku na huku. Mara ya tatu moshi mweusi ulipita chini ya pazia ukatujaa chumba kizima, kisha ikaja sauti, nzito, ya kupiga hatua, haikukatika. Tulikohoa na kulia, na moshi ulitupa udhuru wa vyote viwili. Nje watu walikuwa wakipongezana. Bi Salama aliinua kidole. Akasikiliza. Akachukua upawa, akagonga ukutani mdundo mdogo, tik, tik, tik, na kusema kwa sauti, "Mussa, ya tatu inagonga. Ikaze kidogo tu." Injini ikazimwa, ikashughulikiwa, ikawashwa, na mdundo mdogo haukuwepo.

Funguo zilikuja chini ya pazia. Bwana Khamis hakutoa hotuba. Alizipitisha kati ya nondo, akasema, "Shemegi, pikapu yangu nayo ina moshi," akaondoka. Eda ilipomalizika Bi Salama aliogeshwa, akavishwa, akafukizwa udi, na wakati wanawake wanamngoja akakae kwenye zulia apongezwe, alivuka kichochoro kwanza, akaligusa bati la banda kwa kiganja, ndipo akarudi. Na siku hiyo hiyo Mussa alileta dirishani, japo sasa mlango ulikuwa wazi na angeweza kupita kama watu, chuma kipya cha vitumbua kimefungwa gazetini. "Hiki cha kupikia," akasema. "Vile viwili visirudi jikoni." Bi Salama akamuuliza hiki ni cha nani. Mussa akasema ni cha aliyeosha. "Basi nenda kwa mamake, usisimame dirishani kwangu," akamwambia, na Mussa akaenda.

Jana, baada ya alasiri, nimelifungua gunia. Ndani mna kichwa cha injini ya dizeli, kizito kama nilivyokisikia, na juu yake, kimefungwa kwa kitambaa, kimoja cha vile vyuma viwili vya vitumbua, mkono umekatika na kuungwa. Mussa alikuwa na kazi hii gerejini kwa Bi Salama wiki aliyofariki, ya mtu wa Nungwi anayeingoja. Mashimoni mna valvu nne za moshi. Tatu ukingo wake una ule mduara wa kijivu, mwembamba, sawasawa pande zote, mkono wake ndio huo hata ningeletewa mia. Ya nne, ya silinda ya nne, ina uji mkavu upande mmoja. Aliianza, akaiweka chini, akaja nyumbani kula. Nimeishika mpaka ikapata joto. Nililia kweli, bila moshi wa kusingizia, kisha nikamwambia mjukuu wangu aniletee mafuta ya taa na magunia mawili.

Ijumaa ni hitma ya arobaini. Wake za wanangu wameshaanza kuulizana mambo ya jikoni, na mmoja aliingia asubuhi hii akakiona chuma karibu na godoro langu, akakiinamia mkono wa msaada ukiwa mbele. Nimewaita wote. Nimewaambia cha kupikia vitumbua ni kile cha jikoni alichoninunulia marehemu baba yao, kisipotosha waende wakaazime kwa jirani, na hiki hapa hakioshwi.